Alinipima akiwa kimya, kisha akaniambia nimwone daktari wangu

Assalamu alaikum Shangazi,

Mimi ni mkazi wa Likoni, nina ujauzito wa wiki 22, na mume wangu ni baharia ambaye kwa sasa yuko safarini. Mwaka jana mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa changa, na habari hizo nilizipata katika chumba cha skani, ambako aliyenipima alinyamaza muda mrefu kabla ya kuniambia kwamba mapigo ya moyo hayaonekani. Nalitanguliza hilo kwa sababu bila hilo utaniona mwoga tu.

Nilipofikisha wiki 20, kliniki walinituma nikapigwe skani ya kukagua viungo vya mtoto katika kituo kimoja cha binafsi kule mjini. Niliagizwa ninywe maji na nisiende haja ndogo, kwa hiyo nilivuka feri kibofu kimejaa, nikakaa kwenye foleni nimebana miguu, na nilipoitwa sikuwa na hamu ya maneno mengi. Hata hivyo nilitarajia salamu. Kijana niliyemkuta chumbani hakuniangalia usoni; alisema, "Panda, funua tumbo," akanimiminia jeli ya baridi na kugeuza skrini ielekee upande wake. Aliniuliza mimba hii ni ya ngapi, nikamjibu kwamba ni ya pili, naye akasema, "Basi umeshazoea."

Baada ya hapo sikusikia neno, ila mlio wa vitufe. Alifika mahali fulani chini ya kitovu, akawa anapabonyeza na kupaacha na kupabonyeza tena, akakunja uso, kisha akaenda kumwita mwenzake. Mlango ulibaki wazi nami nimelala tumbo nje, na waliokuwa kwenye benchi wote wananiona. Wawili hao walizungumza Kiingereza cha harakaharaka, na neno pekee nililolinasa ni "previa". Nilipouliza kama mtoto yuko hai, nilipewa karatasi ya kujipangusa na kuambiwa, "Matokeo utaelezwa na daktari wako."

Siku yangu ya kliniki ilikuwa bado mbali. Shangazi, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikaa nikiungojea mshindo huo mchana na usiku. Nilikuwa namsikia mtoto akicheza, lakini moyo ulikataa kuamini. Nilitafuta maana ya lile neno kwenye simu, na niliyoyasoma yalinimaliza kabisa. Siku ilipofika, nesi alisoma ripoti na kuniambia kwa sentensi mbili kwamba mtoto ni mzima, ila kondo la nyuma liko chini, nirudie skani nikifika wiki 32.

Nakuuliza: je, yule kijana alikuwa na ruhusa ya kunyamaza vile? Nirudi kwake au nitafute pengine, na nikirudi niseme nini? Nilitaka kuandika malalamiko, lakini mama mkwe ananikataza. Anasema kumshtaki mtu wa hospitali ni kukosa adabu, na kwamba siku ya kujifungua nitalipishwa kwa ulimi wangu.

Mama Mtarajiwa, Likoni

Wa alaikum salaam, mwanangu,

Pole kwa yaliyokupata mwaka jana, na pole kwa hizi siku ulizoachwa na neno moja la kigeni usilojua ulipeleke wapi. Wewe si mwoga. Mtu aliyepokea msiba katika chumba fulani, akirudi katika chumba kama hicho na kukuta kimya kile kile, hawezi kuambiwa atulie.

Kabla ya kumzungumza yule kijana, nikueleze kwanza jambo ambalo ilipasa uelezwe siku ile ile, kwa sababu sentensi mbili za nesi hazitoshi. Kondo la nyuma ndilo linalomlisha mtoto, nalo hujishika kwenye ukuta wa mji wa uzazi. Likijishika chini sana, huweza kuukaribia au kuufunika mlango wa uzazi, na hali ya kufunika ndiyo inayoitwa previa. Katika skani ya wiki 20 hali ya kondo kuwa chini huonekana kwa wanawake wengi kuliko unavyodhani, na kwa sehemu kubwa yao hujirekebisha yenyewe, kwa maana mji wa uzazi unapoendelea kutanuka, sehemu yake ya chini hurefuka na kondo huonekana kusogea juu, mbali na mlango. Ndiyo maana umeambiwa wiki 32 na si kesho. Wakati huo wakikuta kwamba ukingo wa kondo uko milimita 20 au zaidi kutoka kwenye mlango wa uzazi, kwa kawaida njia ya kujifungua kwa kawaida huwa wazi. Likiwa bado liko karibu, utarudiwa kupimwa karibu na wiki 36, na likiwa limeufunika mlango wenyewe, utajifungua kwa upasuaji uliopangwa mapema. Huenda wakashauri wakupime kwa kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni. Usikiogope, kwa sababu ni salama hata kwa hali yako, na huonyesha umbali huo kwa usahihi kuliko kupima juu ya tumbo. (Msomaji mwingine ambaye kondo lake liko chini na aliwahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi amweleze daktari wake mapema, kwa sababu kondo linaloshika juu ya kovu la zamani lina hatari zake nyingine.)

Linalotakiwa kukuamsha kitandani ni damu. Ukiona damu ukeni, hata kama hakuna maumivu yoyote, nenda hospitali saa ile ile, na mtu wa kwanza atakayekupokea mwambie, "Kondo langu la nyuma liko chini," ili asikupime kwa vidole kabla ya kuangalia skani. Kwa kuwa unaishi ng'ambo na mume hayupo, amua mapema ni nani atakayekupeleka usiku wa manane na kwa gari lipi, na muulize nesi wako kama uanzie hospitali ya Likoni au uende moja kwa moja Hospitali Kuu ya Pwani. Muulize pia kuhusu tendo la ndoa mume akirejea. Wengi huona haya kuliuliza, na wahudumu nao husahau kulisema.

Sasa tuje kwa kijana.

Kunyamaza kwenyewe hakukuwa kosa. Katika skani ya wiki 20 mpimaji hupima mzingo wa kichwa na wa tumbo pamoja na urefu wa mfupa wa paja, hutazama vyumba vinne vya moyo, uti wa mgongo, tumbo la chakula, figo na kibofu, kisha hukagua kondo, kitovu na kiasi cha maji, na yote hayo huyafanya kwa kiumbe asiyetulia, ambaye mara ameinama na mara amegeuza mgongo wakati anapotakiwa kuonyesha uso. Anayezungumza huku akipima moyo wa mtoto huweza kupitwa na jambo. Hata kukunja uso mara nyingi ni dalili ya mtu anayetafuta picha iliyo safi, wala si ishara ya msiba. Skrini nayo katika vyumba vingi imewekwa kwa ajili ya macho ya anayepima.

Kosa ni kwamba hakuna lolote kati ya hayo aliloliona linastahili kutajwa. Mwanamke aliyelala pale hana pengine pa kutazama isipokuwa uso wa anayempima, na uso usioelezwa atausoma kwa khofu aliyokuja nayo. Ilitosha kusema mwanzoni, "Mama, nitanyamaza kwa dakika chache nikipima, usiogope, kisha nitakueleza nilichokiona." Mwaka 2020 wataalamu wa skani nchini Uingereza, pamoja na mashirika yanayowatetea wazazi, walikubaliana juu ya mwongozo wa namna ya kutoa habari zisizotarajiwa katika skani za wajawazito, na jambo hilo hilo limo: mama aambiwe kabla ya kuanza kwamba kutakuwa na vipindi vya kimya, na likionekana jambo, aambiwe ukweli mapema na kwa maneno mepesi. Hakuna mashine ya ziada inayohitajika kwa hilo, wala fedha.

Nawasikia wahudumu wakinijibu kuhusu foleni, kwamba benchi limejaa hadi ukumbini na mtu mmoja ndiye anayepima tangu asubuhi. Naijua foleni hiyo, na ninawaonea huruma kweli. Lakini hoja siikubali, kwa sababu salamu na sentensi moja ya maelezo huchukua muda mfupi kuliko kumpangusa mtu jeli, na mgonjwa aliyetulia hupimika kwa urahisi kuliko aliyekakamaa kwa hofu. Tena wengi wa hao wanaodai hawana muda hupata nafasi ya kutangaza jinsia ya mtoto, hata kwa mama ambaye hakuuliza.

"Matokeo utaelezwa na daktari wako" ni maneno yenye sehemu ya haki ndani yake, na ni lazima tuitenge. Katika vituo vingi anayepima si yeye anayetia sahihi ripoti. Ripoti huandikwa au huthibitishwa na daktari wa picha, na tafsiri ya ripoti pamoja na mpango wa matibabu huwa kazi ya daktari au mkunga anayekuhudumia. Kijana hakuwa na wajibu wa kukuamulia kama utajifungua kwa upasuaji. Lakini ulimuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa likipigapiga mbele ya macho yake: kama mtoto yuko hai. Hilo halingojei sahihi ya mtu. Angeligeuza skrini kidogo na kukuonyesha moyo, ungerudi nyumbani na wasiwasi wa kondo peke yake. Alipomwita mwenzake, angeweza kusema, "Kuna sehemu ninayotaka mwenzangu aitazame pia, haihusu mapigo ya moyo." Na alipokwambia uende kwa daktari, alipaswa kukueleza ni daktari yupi, ni lini, na kama jambo lenyewe ni la kukimbilia leo au la kungoja siku ya kliniki. Mtu hatumwi nyumbani na fumbo.

Lile la "umeshazoea" lisikuume kupita kiasi, ingawa najua limekuuma. Alisikia "ya pili" akahesabu mtoto wa kwanza aliye nyumbani. Kila anayempima mjamzito angeuliza swali moja zaidi, "Na ile ya kwanza iliendaje?", maneno kama hayo yasingetoka kinywani. Hili hufundishika kwa siku moja, na mkuu wa kituo anayejua kazi yake atashukuru kuambiwa.

Kuhusu mlango sina subira hata kidogo. Sitara ya mgonjwa si upendeleo wa wanawake wa Pwani, ni sehemu ya heshima ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu, pamoja na haki ya faragha. Skani ya tumbo haihitaji uvuliwe zaidi ya kufunuliwa kuanzia chini ya matiti hadi juu ya nyonga, na mlango hufungwa kabla ya hapo. Ukienda tena, chukua leso mbili, moja ujifunike kifua na nyingine kuanzia kiunoni kushuka, na una haki ya kuomba upimwe na mwanamke, au kama zamu hiyo hakuna mwanamke, awepo nesi wa kike au jamaa yako chumbani. Katika kipimo cha ukeni ombi hilo lina uzito zaidi, na kituo chochote kinachojiheshimu huliuliza kabla hujalitaja.

Umeniuliza kama alikuwa na ruhusa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake ya afya na vipimo na matibabu yaliyopo, na kwamba inapowezekana maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoifahamu mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Mombasa, mwanangu, hakuna anayeweza kudai kwamba Kiswahili hakikuwezekana. Wawili kushauriana kwa Kiingereza cha kitaalamu juu ya tumbo lako si kosa, madamu baada ya hapo mmoja wao angekugeukia na kukueleza. Nakala ya ripoti pia ni haki yako kuipata. Iombe, iweke ndani ya kitabu chako cha kliniki, na usikubali kuambiwa kwamba hutaielewa.

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito, linataka kila mama apigwe skani moja kabla ya kutimiza wiki 24. Kwa wanawake wengi wa hapa kwetu hiyo moja ndiyo skani pekee watakayoipata katika ujauzito wote, na wengine wanailipia kwa fedha za kuchangiwa na familia. Kwa hiyo dakika zile chache katika chumba chenye giza ndizo peke yake ambapo mama hukutana na mtu anayemwona mtoto wake kabla hajazaliwa, na mtu huyo akiwa bubu, hakuna mwingine wa kumwuliza.

Ukifika wiki 32, usingoje waanze wao. Kabla ya kupanda kitandani, mwangalie anayekupima na umwambie kwa sauti ya kawaida: "Mimba yangu ya kwanza iliharibika na nililijulia hilo kwenye skani. Naomba unionyeshe mapigo ya moyo kwanza, kisha unaweza kunyamaza upendavyo." Hilo si kumfundisha kazi, ni kumpa habari ambayo ripoti ya daktari huenda haikuitaja, na wahudumu wengi hubadilika papo hapo wanapolisikia. Akimaliza, muulize mambo matatu tu: ukingo wa kondo uko umbali gani kutoka mlango wa uzazi, je, mtoto anakua inavyotakiwa, na ni nani atakayekueleza yaliyobaki na lini. Yaandike majibu pale pale. Kuhusu mume wako aliye baharini, ukitaka kumrekodia, omba ruhusa kwanza. Vituo vingine hukataza wakati wa vipimo na huruhusu mwishoni, na kumwekea simu mtu usoni bila kumwomba hakutakupatia maelezo mazuri.

Mama mkwe wako namheshimu, na khofu yake haikutoka hewani. Wapo wanawake walionyamazishwa leba kwa sababu "waliongea sana" kliniki. Lakini adabu na malalamiko si maadui. Kifungu cha 14 cha ile Sheria ya Afya niliyoitaja kinampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu namna alivyohudumiwa katika kituo cha afya na lalamiko lake lichunguzwe. Isitoshe, kituo cha skani ulikokwenda ni cha binafsi, nawe hutajifungulia pale. Watakaokupokea siku hiyo ni watu wengine kabisa. Mweleze hilo kwa upole, na ukiweza, mwombe akusindikize wiki 32. Mtu mzima aliyekaa chumbani akiwa na bakora na salamu zake hubadilisha tabia za vijana wengi.

Barua yako iwe fupi na imwendee msimamizi wa kituo. Taja tarehe na saa, taja kwamba mlango uliachwa wazi, kwamba uliuliza kama mtoto yuko hai na hukujibiwa, na kwamba ulikaa bila maelezo hadi siku ya kliniki. Sema unachotaka: mlango ufungwe, mgonjwa aelezwe kabla na baada ya kupimwa, na swali la uhai wa mtoto lijibiwe. Usiandike kwamba kijana hana utu, wala usimwombee afukuzwe kazi. Ukiyaweka hayo, msimamizi atamtetea mfanyakazi wake na kuusahau mlango. Weka nakala. Wakikaa kimya nao, wapo wakuu wa afya wa kaunti, na lipo baraza la madaktari nchini, KMPDC, ambalo hutoa leseni kwa vituo na kupokea malalamiko. Sidhani kama utafika huko.

Na je, urudi pale? Mimi ningengoja jibu la barua. Wakikujibu kwa heshima, rudi, kwa kuwa wanazo picha zako za kwanza na ni rahisi kulinganisha. Wasipojibu, beba ripoti yako uende kwingine, na siku ya kuweka miadi uliza kwa simu mambo mawili kabla ya kuuliza bei: kama kuna mpimaji wa kike siku hiyo, na kama matokeo huelezwa mgonjwa akiwa bado yupo.

Shangazi